Ubeti wa Tatu

Jumatatu ya tarehe tisa Agosti 2004, saa nne asubuhi, Samia binti Hemedi alipiga ukelele ndani ya mahabusu ya Ruangwa hadi konstebo wa zamu akamwaga chai kwenye daftari la matukio.

Hakuna aliyemgusa. Kosa lilikuwa la redio kaseti. Konstebo alikuwa ametoka Nachingwea kwenye sherehe za Nane Nane, akarudi na kaseti iliyonaswa uwanjani, ya wimbo wa Mwalimu Obadia wa Marambo ulioshika nafasi ya kwanza katika Shindano la Kutunga Wimbo wa Mkulima. Akaiweka mezani, akaongeza sauti, akaanza kutikisa kichwa. Ukuta wa mahabusu wa Ruangwa haukuwahi kuzuia hata kikohozi.

"Huo wimbo wa mume wangu!" Samia alipaza sauti. "Mmeutoa wapi? Huo wa Amri!"

"Nyamaza, muuaji wee," konstebo akamjibu, akifuta chai kwa mkono wa shati.

Sajenti Lusiana Nakoma aliweka kalamu chini. Alikuwa na miaka kumi na sita kazini na sifa moja tu isiyopendwa na wakubwa zake: hakuweza kusikia jambo akalipita. Aliinuka, akabonyeza kitufe, akarudisha kaseti mwanzo, akausikiliza wimbo wote akiwa amesimama. Halafu akafungua kabati, akatoa jalada la Samia.

Jalada lilikuwa jembamba kwa kesi inayoweza kumpeleka mtu kitanzini. Amri Chinguile, miaka thelathini na mmoja, mkulima wa Nandagala, hajui kusoma wala kuandika, mpiga gitaa la debe. Ijumaa ya tarehe kumi na nane Juni alikutwa amekufa ndani ya kisima kikuukuu kwenye shamba lake la mikorosho. Kesho yake akazikwa. Waliomwosha waliona kisogo kimebonyea, wakamnong'oneza mama yake, Bi Sabaha, naye akakaa kimya hadi arobaini ilipokwisha. Ndipo akaja kituoni kusema kwamba mkwewe ndiye aliyemuua mwanawe.

Majirani walisaidia kwa moyo wote. Alhamisi jioni, siku moja kabla ya kifo, walimsikia Samia akimfokea mumewe, wakamwona akilivunja gitaa kwenye kinu cha kutwangia. Chanzo kilikuwa karatasi aliyoikuta kwenye mfuko wa suruali ya Amri, yenye mwandiko mzuri wa wino mwekundu. Samia naye hakujua kusoma. Kwake, mwandiko mzuri ulikuwa barua ya mwanamke. Kituoni waliisoma wakakuta ni beti mbili za wimbo, wakacheka, wakaitia kwenye bahasha na kuiandika Kielelezo B.

Alhamisi ya wiki hiyo asubuhi Landrova ingempeleka Samia Lindi. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu huingia gerezani akasubiri kikao cha Mahakama Kuu mwaka mmoja, au minne, kadiri bahati yake ilivyo mbaya.

Lusiana alichomoa ile karatasi, akailinganisha na maneno ya kwenye kaseti.

*Mkorosho shemeji yangu, waja mara moja kwa mwaka,*
*Ukija nyumba yacheka, ukiondoka twahangaika.*

Ubeti wa kwanza ulikuwa uleule. Wa pili vilevile, neno kwa neno. Wa tatu ulikuwa kwenye kaseti peke yake.

"Wimbo hauwezi kupanda kizimbani, Sajenti," alisema Inspekta Ramadhan, mkuu wake, mtu aliyependa majalada yafungwe mapema kama maduka ya siku ya sikukuu. "Watu wanaibiana nyimbo kila siku. Huyo mwanamke bado kamtupa mumewe kisimani."

"Naomba pikipiki siku mbili, afande."

"Hadi kesho kutwa jioni. Mafuta ni yako."

*

Bernardo alikuwa Mmakua, mtoto wa watu waliovuka Ruvuma wakati wa vita, na alikuwa mtani wa ukoo wa kina Chinguile. Kwa hiyo siku ya mazishi alikuwa na kazi yake, na aliifanya kama ilivyotakiwa. Alivaa shati la marehemu na kofia yake, akakaa kwenye mkeka uani huku maiti ikiwa bado ndani, akaanza kumwigiza. Akafumba macho kama Amri alivyokuwa akifumba. Akakuna debe kama gitaa. Akaimba wimbo mpya ambao Amri, jirani yake, alikuwa akiufanyia mazoezi kila jioni, hadi wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka.

Jumanne, akimtafuta yeyote mwingine aliyeujua wimbo, Lusiana alimkuta Nandagala, barazani kwake, akipukuta ufuta, na pembeni yake kulikuwa na redio mpya bado ina nailoni. Redio ile haikumpendeza.

"Redio nzuri. Nani kakupa?"

"Ufuta umenipa, afande. Muulize mke wangu, bado ananinunia."

"Au kakupa Mwalimu Obadia wa Marambo, ukamuuzia wimbo wa marehemu?"

Bernardo aliacha kupukuta. "Mwalimu gani? Mimi Marambo nilikwenda mara ya mwisho kuoa, na nilivyojutia sijarudi tena."

Mke wake alisikia, akatoka na mzigo wa maneno makali, na katika maneno hayo Lusiana alipata jina la mnunuzi wa ufuta, siku ya mauzo na duka la redio. Hakuna anayetunga uongo kwa hasira ya namna ile. Njia hiyo ilifungwa. Akatoa redio kaseti aliyokuja nayo, akaweka kaseti.

Bernardo alisikiliza beti mbili akiwa ameinamisha kichwa. Ulipoanza ubeti wa tatu, aliinua uso.

*Mbuzi kafungwa kwa waya, auliza kuna nini,*
*Kamba yake imekwenda kumwita bwana nyumbani.*

"Huo wangu," alisema.

"Wako vipi? Wimbo si wa Amri?"

"Zile mbili za Amri. Wa tatu hakuwa nao bado, alikuwa anahangaika nao. Mimi siku ile nimeimba za kwake zikaisha, watu bado wanataka. Nikatazama uani. Yule mbuzi wa kuchinjia msibani kafungwa kwa waya wa breki ya baiskeli, maana kamba yake ndiyo tuliyomvutia Amri kisimani. Nikaimba nilichokiona." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Utani, afande. Bi Sabaha mwenyewe alicheka mpaka akaanguka."

Lusiana aligeuza ukurasa wa daftari. Hakutaka kumtilia maneno mdomoni.

"Nani aliuimba tena baada ya hapo?"

"Nani auimbe? Ubeti wa msibani unabaki msibani. Ila mimi mwenyewe niliurudia mara tatu. Mgeni mmoja aliniomba."

"Mgeni?"

"Alikuwa nyuma, karibu na choo. Nilipomaliza akanisogelea akasema, rudia huo wa mwisho, kaka. Nikashangaa. Mtu gani anamwomba mtani arudie, kama yuko dansini? Lakini mimi nikisifiwa ni mjinga. Nikarudia."

"Alikuwaje?"

"Mrefu, shati jeupe. Hapa," Bernardo akagusa kifua chake, "mfuko umelowa wino mwekundu."

Kwa Bi Sabaha, Lusiana hakupewa hata kigoda. Bibi alikuwa akichambua mbaazi, na alijibu bila kumtazama.

"Bibi, siku mliyompata Amri, mlimtoa kisimani kwa kitu gani?"

"Kwa kamba."

"Kamba ya nani?"

"Ya mbuzi wangu. Nani mwingine ana kamba hapa? Nimeikata mwenyewe shingoni kwa mbuzi, nikampa Jonasi aliyeshuka kisimani." Akatupa mbaazi mbovu. "Afande, huyo Samia atanyongwa lini?"

"Na huyo mbuzi mlimfunga kwa kitu gani baadaye?"

"Kwa waya. Unauliza mambo ya mbuzi, mwanangu yuko chini. Nimekuuliza, atanyongwa lini?"

Lusiana aliandika yote, hata swali la bibi, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Aliondoka na hasira ambayo hakujua aiweke juu ya nani.

*

Jumatano, saa tatu asubuhi, alifika Marambo, Bernardo akiwa nyuma ya pikipiki amejawa vumbi hadi kope. Alimwacha kwenye kivuli cha ofisi ya mtendaji, akamwambia asiimbe wala asicheke hadi aitwe. Katazo la pili lilimwumiza zaidi.

Mwalimu Obadia alikuwa akifunga begi. Kesho angepanda basi la Dar es Salaam kwenda kurekodi, hiyo ndiyo zawadi yenyewe, na baiskeli ya ushindi ilisimama sebuleni ikiwa na utepe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye sauti nzuri na mazoea ya kusikilizwa. Kwaya aliyoifundisha kwa miaka kumi na miwili haikuwahi kutoka nje ya wilaya. Alimpokea Sajenti kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kuzoea pongezi katika siku tatu.

"Karibu, afande. Na polisi nao wanapenda muziki?"

"Sana. Nimekuja kwa jambo dogo, mwalimu. Kuna mtu analalamika wimbo ni wake. Nataka maelezo yako nifunge habari hiyo."

"Wivu," alisema Obadia kwa huruma. "Nilijua wivu hautakosa."

"Andika mwenyewe, una mwandiko mzuri. Uliutunga lini, wapi, na kama unamfahamu marehemu Amri Chinguile wa Nandagala."

Obadia alivuta karatasi, akaandika bila kusita. Beti tatu zote amezitunga mwenyewe mwezi wa nne, nyumbani kwake. Amri Chinguile hamfahamu. Nandagala hajawahi kukanyaga. Kabla ya hayo yote, pembe ya kulia juu, alikuwa ameweka tarehe, akachukua rula akaipigia mistari miwili chini yake, kama ubaoni. Akasaini.

Lusiana aliichukua karatasi, akaitazama ile tarehe zaidi kuliko maelezo yenyewe.

"Ubeti wa tatu umenigusa, mwalimu. Sina elimu ya mashairi. Nifafanulie."

Hapo Obadia alinyooka. Swali lenyewe alikuwa amelijibu mbele ya waamuzi, na waamuzi walisimama kupiga makofi.

"Ubeti huo ndio ulionipa ushindi. Mwenyekiti wa waamuzi alisema mkoa huu haujapata ubeti mzito kama ule. Mbuzi ni mkulima. Waya ni dhuluma anayofungiwa. Kamba ni haki yake, imekwenda mjini kumwita bwana, yaani kiongozi, arudi nyumbani kwa wananchi."

"Uliuwaza muda mrefu?"

"Wiki mbili sikulala."

"Mwezi wa nne?"

"Mwezi wa nne."

Lusiana alitoa Kielelezo B kwenye bahasha, akakiweka mezani kando ya maelezo. Karatasi ya madaftari ya shule, wino mwekundu, beti mbili. Pembe ya kulia juu, tarehe 12/6/2004, na chini yake mistari miwili iliyopigwa kwa rula.

"Hii ilikutwa mfukoni mwa mtu usiyemfahamu," alisema.

Obadia aliitazama. Akaisukuma kando kwa kidole. "Labda... alikuja mtu sokoni, nikamwandikia. Naandikia watu wengi, afande. Nilimgawia wimbo wangu. Hapo kosa liko wapi?"

"Ulimgawia beti mbili, na wimbo ulikuwa na tatu tangu mwezi wa nne."

"Wa tatu nilibaki nao."

"Sawa." Lusiana alikwenda mlangoni. "Bernardo! Njoo uimbe."

Bernardo aliingia akijipangusa vumbi. Alimtazama mwalimu, akatazama mfuko wa shati lake. Shati lilikuwa lilelile, na doa lilikuwa palepale. Wino mwekundu hautoki kwa sabuni ya mche. Uso wake ukakunjuka.

"Aa, mgeni wangu! Kumbe wewe ndiye umeshinda baiskeli? Umeuimba vizuri kuliko mimi, kwa kweli. Lakini ungeniuliza kaka, huyo mbuzi ni nani?"

"Simjui mtu huyu," Obadia alisema.

"Mwalimu," Lusiana alisema taratibu, "mbuzi ni mbuzi. Alikuwa wa Bi Sabaha, na walimla tarehe kumi na tisa Juni. Waya ni wa breki ya baiskeli. Kamba ndiyo iliyofungwa kwenye makwapa ya maiti ya Amri ikamvuta kutoka kisimani. Bwana aliyeitwa nyumbani ni yeye. Ubeti huo haukuwepo duniani mpaka mtu huyo alipokufa, na umeimbwa mahali pamoja tu. Umesaini hapa kwamba hujawahi kukanyaga hapo."

Obadia alikaa kwenye begi lake. Alimtazama Bernardo kama mwanafunzi aliyemharibia jibu.

"Ule ni wako? Si wa Amri?"

"Wangu, mwalimu. Wa kuchekesha wafiwa."

Mwalimu aligeuka akaitazama baiskeli yenye utepe. Lililomwumiza kwanza, Lusiana aliliona waziwazi, halikuwa kitanzi. Lilikuwa zile siku tatu za pongezi.

"Kanuni zilitaka beti tatu," Lusiana aliendelea. "Juni thelathini ndiyo mwisho wa kupokea. Wewe ulikuwa na mbili. Ulikwenda msibani kuuchukua wa tatu, kwa sababu ulijua watani watamwimba. Ninachotaka kujua ni ya Ijumaa."

Alimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema neno, na atakalolisema litaandikwa. Obadia alisema. Watu wa aina yake hawawezi kuacha swali bila jibu.

"Alikuja nimwandikie beti zake mbili, nikamwambia tuandikishe majina mawili. Akakataa. Nikamwambia basi nipe ubeti wa tatu niuandike, jina liwe lako, nikupelekee mimi. Nilikuwa nimeshaamua kuandika jina langu, sikatai. Ijumaa asubuhi nikamfuata shambani. Akasema ubeti umekamilika tangu Jumatano."

"Ulikamilika?"

"Ulikamilika. Akasema hautoi. Una jina la mkewe ndani yake, lazima amwimbie mkewe kwanza, ndipo uandikwe. Nikamuuliza kwa nini hujamwimbia jana? Akasema jana haikuwezekana, mke amelala na hasira, leo nitajaribu tena. Anasema hivyo anatabasamu, afande. Zimebaki siku kumi na mbili, mimi nimeendesha baiskeli tangu usiku, na yeye anangoja mke amalize kununa. Akainama kuchota maji ninywe." Alijitazama mikono. "Kulikuwa na mpini wa jembe."

Bernardo alitoka nje.

*

Alhamisi Landrova ilikuja kwa wakati, ikambeba Obadia. Inspekta Ramadhan alisema kazi nzuri, akauliza kama sasa jalada linaweza kufungwa. Lusiana akasema bado maelezo ya shahidi mmoja.

Samia alitolewa mahabusu saa tatu. Aliambiwa yuko huru, akaitikia kwa kichwa tu. Alimwomba konstebo maji, na konstebo, ambaye siku tatu zilizopita alimwita muuaji, akamletea kwenye kikombe chake mwenyewe bila kumtazama. Kutoka Nandagala hakuna aliyekuja kumpokea. Bi Sabaha alikuwa amepelekewa habari jana, akajibu kwamba anachambua mbaazi.

"Kaa, Samia. Nina swali moja, mwendesha mashtaka atalihitaji. Ukinijibu, nitaandika, nitakusomea, utaweka dole gumba, uende."

"Uliza, dada."

Lusiana alikuwa ameliandika swali mara mbili na kulifuta mara mbili. Hakukuwa na njia ya kuliuliza ikawa swali jingine.

"Alhamisi ile jioni, kabla hujavunja gitaa, Amri alikuimbia chochote?"

"Hapana. Alikaa kwenye kigoda na gitaa lake. Akasema, mke wangu, njoo ukae hapa, nina kitu chako. Mimi nina karatasi mkononi, nimeshapagawa. Nikamwambia kamwimbie huyo aliyekuandikia. Nikalichukua gitaa nikalipiga kwenye kinu." Alikunywa maji. "Akaokota vipande, akasema basi kesho."

Lusiana aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi, na Samia akawa anaifuata kwa macho, yeye asiyejua hata herufi moja.

"Dada. Mbona unauliza kama aliniimbia?"

Sajenti angeweza kusema ni utaratibu tu. Aliwahi kuwaambia watu wengi hivyo, wakaenda zao. Lakini kesi ingesomwa Lindi mbele ya watu, na Samia angeitwa kizimbani kulisikia kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya Bi Sabaha. Akamwambia. Alimwambia la ubeti wa tatu, jina lililokuwamo, na kwa nini Amri hakuutoa Ijumaa ile asubuhi. Hakuongeza wala hakupunguza.

Samia hakulia. Alihesabu jambo kwa vidole, taratibu: Alhamisi, kidole kimoja, Ijumaa, kidole cha pili.

"Kwa hiyo angeniimbia Alhamisi, Ijumaa angempa."

"Obadia ndiye aliyemuua, Samia. Alikuwa ameshaamua kumwibia."

"Kumwibia ndiyo. Angeshinda na baiskeli yake. Amri angekuwa hai, analalamika nyumbani." Alirudisha kikombe mezani. "Na ulikuwa unasemaje, huo ubeti?"

"Hakuna anayejua. Hakumwimbia mtu."

Nje, dukani kwa muuza kaseti, wimbo ulikuwa umeanza tena. Ubeti wa mbuzi ulikuwa bado haujafika. Konstebo alikimbia kwenda kumwambia azime, lakini alichelewa, na maneno yalifika yote hadi pale mezani, pamoja na kicheko cha wateja walioipenda sehemu hiyo.

Lusiana alimsomea maelezo, mstari kwa mstari, akamsogezea kidau cha wino. Samia alichovya kidole gumba, akakiweka juu ya karatasi, akasita.

"Hapo ulipoandika nilivunja gitaa. Umeandika kwamba kwanza nilimwambia anyamaze, asiimbe?"

"Hukusema hivyo."

"Nilimwambia. Andika."

Lusiana aliandika. Samia akakandamiza kidole.